Kaburi la Tate na Simenti Isiyongoja

Katika ukoo wetu wa Kalehe tumewahi kugombana juu ya shamba, juu ya mahari na juu ya mbuzi walioingia kwenye muhogo wa jirani. Ugomvi uliotikisa nyumba kuliko yote ulikuwa wa mstari mmoja wa maandishi. Tulikuwa tunajenga kaburi la Tate, babu yetu mzaa baba, askari wa miguu wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Fundi alikwisha kukoroga simenti, jua la Julai lilikuwa utosini, na watu wazima wa nyumba moja hawakuafikiana ni vita gani mzee wao alikwenda kupigana.

Wazo la kujenga kaburi lililetwa na maji. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko pale Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha milimani na mito ikashuka na mawe, miti na matope juu ya Nyamukubi na Bushushu. Maiti waliohesabiwa walizidi 400, na watu wengine kwa maelfu hawakuonekana tena. Wengi walizikwa pamoja, bila mtu kujua nani analala wapi. Baada ya msiba ule kila familia ya upande wetu wa Ziwa Kivu ilianza kutazama upya mahali ilipolaza watu wake. Kaburi la Tate lilikuwa tuta la udongo nyuma ya migomba, limezungushiwa mawe, na kila masika lilizidi kushuka. Mama akasema tusingoje maji yaje kutuamulia.

Ukoo ukaketi. Walikuwepo Shangazi, binti mkubwa wa Tate aliyebaki hai. Baba mdogo, kitinda mimba wa Tate, mwalimu mstaafu. Yaya, kaka yetu mkubwa anayefanya kazi Bukavu. Mama zetu, wake wa kaka zetu, na watoto wasio na idadi. Michango ilikubaliwa upesi kuliko tulivyotegemea. Kilichochelewesha kikao ni neno "askari".

Shangazi hakulitaka. "Andikeni jina lake, na kwamba alikuwa baba wa watu," alisema. "Habari za bunduki muziache. Hapa kuna mtoto gani anayesikia askari wanakuja akafurahi?"

Hakuna aliyemjibu haraka, kwa kuwa alisema kweli. Tangu vita vya 1996, halafu vya 1998, na vyote vilivyofuata, Kalehe imepitiwa na sare nyingi. Wapo waliopika chakula mchana na kukiacha jikoni kwa sababu milio ya risasi ilianza. Wapo waliolala msituni na watoto wachanga. Kumwandika mtu "askari" juu ya kaburi katika nchi kama hii kunahitaji sababu, na Shangazi alikuwa na haki ya kuiuliza.

Baba mdogo ndiye aliyeitoa. Alisema ni kweli watu wameumizwa na bunduki, na kwa hiyo hiyo mtu aliyebeba bunduki lazima aandikwe ilielekezwa wapi. Tukificha, wajukuu watajijazia wenyewe, na kila mmoja atajaza kwa hofu yake. "Tuandike askari," alisema, "na tuandike vita vyenyewe na mwaka wake." Shangazi akakunja mikono, akakubali kwa sharti moja: asiandikwe "shujaa". Kikao kikafungwa, kila mtu akiamini kwamba anajua ni vita gani.

Yaya alinunua simenti Bukavu na kuipakia kwenye lori la Fuso. Barabara ya Taifa namba 2 inapita Kavumu na Katana kabla ya kufika kwetu, na siku ile gari lilikwama njiani mpaka giza likaingia. Mifuko ilishushwa usiku. Sebule ilikuwa imejaa wageni waliolala, kwa hiyo mifuko ikawekwa jikoni, chini, kwenye udongo mkavu, karibu na mabido, yaani madumu, ya maji ya kupikia.

Usiku huo huo mtoto mmoja aliamka na kiu. Akavuta bido moja ili amimine maji kikombeni, likamzidi nguvu na kulala ubavu. Kwa kuogopa kuchapwa akarudi kitandani kimya. Mama mdogo alipoingia asubuhi kuwasha moto, maji yalikuwa yamekwisha kupita chini ya mifuko na kunywewa. Sehemu nzuri ya simenti ilikuwa imegeuka mawe ndani ya karatasi zake. Kelele zilizotoka jikoni ziliwaamsha mpaka majirani. Mtoto alilia, mama yake akalia kwa sababu mtoto analia, na Shangazi akamchukua mdogo yule mapajani akisema hakuna mtu aliyezaliwa na Tate anayeweza kumpiga mtoto kwa ajili ya maji.

Fundi alifika, akaipapasa mifuko mmoja mmoja, akapima kwa macho. Iliyosalia ingetosha kuta fupi za kaburi na bamba la juu, na isingebaki hata konzi. Kibao cha marumaru hatukuwa na fedha zake, kwa hiyo maandishi yangechorwa kwa msumari juu ya bamba likiwa bado bichi. "Nitakoroga mara moja," alisema. "Mtaandika mara moja. Mkikosea, kosa litakaa hapo muda mrefu kuliko sisi sote."

Mchana ule nyumba nzima ilikuwa kazini. Vijana walichota mchanga na kuponda kokoto. Wasichana walipanda na kushuka kutoka ziwani na maji kichwani. Jikoni walitwanga sombe ya majani ya muhogo, sambaza (dagaa wa ziwani) zilikaangwa, na wazee wa jirani walikwisha kuketi chini ya mparachichi na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Fundi akamwaga bamba, akalilaza kwa mwiko mpaka likawa sawasawa, akanipa msumari. Mwandiko wangu ndio uliochaguliwa. Nikaandika jina lake. Nikaandika "Askari wa miguu". Nikauliza: "Na vita?"

"Tabora, 1916," akasema Baba mdogo.

"Saio, 1941," akasema Yaya, wakati huo huo.

Wote wawili wakatazamana kama watu waliogongana mlangoni.

Baba mdogo alianza kwa upole. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alimsikia baba yake akiitaja Tabora usiku, na baadaye akasomesha habari hiyo darasani miaka mingi. Akanyoosha mkono ziwani kuelekea Idjwi, kisiwa tunachokiona kila asubuhi, akatukumbusha kwamba Wajerumani walikiteka Septemba 1914 na kukikalia mpaka 1916. Kutoka Kivu hii hii, alisema, majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yalivuka kwenda Rwanda na Burundi, yakaingia Kigali Mei 1916, Kigoma Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. "Watu wa Kivu walikwenda," akasema. "Baba alikwenda."

Yaya hakukubali. Marehemu baba yetu, mtoto wa kwanza wa Tate, alimsimulia habari za Saio zaidi ya mara moja. Tena Tate mwenyewe, siku aliyopelekwa Bukavu kutibiwa macho, alisimama nje ya Kambi Saio, akamshika Yaya bega na kusema: "Huko mimi nilifika." Yaya alikuwa kijana, akadhani mzee anasema juu ya kambi. Alikuja kuelewa baadaye kwamba kambi ile, ambayo watu wa Bukavu huitaja kila siku wakielekeza pikipiki, imepewa jina la mji wa mbali wa magharibi mwa Ethiopia, unaoitwa leo Dembidolo. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Ujerumani tangu Mei 1940, na jeshi la Kongo likatumwa kupigana na Waitalia upande wa Waingereza. Wakongomani waliiteka Asosa Machi 1941, wakafika Gambela mwezi huo huo, halafu wakakaa miezi mbele ya milima ya Saio, wakipungukiwa na chakula na kuzidiwa na maradhi. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert, pamoja na majenerali wenzake na maelfu ya askari wa Italia. "Kwa nini unadhani nilichagua Julai?" Yaya aliuliza, na sauti yake ikapanda.

Ya Baba mdogo ikapanda pia. Wake wa kaka zetu wakachukua pande. Mtu akasema watoto wa mkubwa siku zote wanajiona ndio wenye mzee. Mwingine akajibu kwamba mwalimu hazoei kusahihishwa. Maneno yakafika kwenye shamba la mwaka fulani na mahari ya mtu fulani. Katikati ya fujo hiyo mbuzi jike wa Mama mdogo, aliyefungwa vibaya, alipita juu ya bamba kutoka pembe hadi pembe, na kwato zake zikabaki pale wazi kuliko mwandiko wangu.

Fundi hakumpigia mtu kelele. Alipiga magoti, akanyunyiza maji, akalilaza bamba upya, jina la Tate likafutika chini ya mwiko. "Mara hii limenikubalia," alisema. "Likikauka zaidi halitanikubalia."

Ndipo Mama akakumbuka sanduku.

Sanduku la bati la Tate lilikuwa stoo, chini ya magunia ya maharage, na ufunguo wake hakuna aliyejua ulipo. Yaya akavunja kufuli kwa tindo na nyundo. Kufuli likabaki zima, bawaba zikang'oka. Ndani mchwa walikuwa wameingia kupitia kutu ya chini. Blanketi la jeshi lilikuwa vumbi lenye pindo. Daftari lake la askari, ambalo wazee walisema lilikuwa na kila kitu, lilikuwa limeliwa mpaka ikabaki pembe moja ya jalada, na kwenye pembe hiyo namba yake, pamoja na maneno ya Kifaransa yanayomaanisha askari wa daraja la pili. Hakuna tarehe, hakuna mji.

Mama mdogo aliitazama namba ile, akaondoka bila kusema kitu. Akarudi na gamela, chombo cha chakula cha askari, ambacho nyumba yetu imekitumia kupimia maharage tangu kabla sijazaliwa. Chini yake, chini ya masizi, palikuwa na namba iliyokwaruzwa kwa ncha ya kisu. Ilikuwa ile ile. Tulikaa kimya. Sote tumelishwa kwa kipimo cha gamela hiyo, wajukuu na vitukuu, na wakimbizi waliopita kwetu kila vita vilipohamisha watu.

Namba ilituambia kwamba alikuwa askari, na kwamba alikuwa wa chini kabisa. Ilikuwa kimya juu ya vita. Simenti ikaanza kubadilika rangi pembeni.

Wakati huo wote Shangazi hakuwa amesema neno. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na mtoto yule wa bido mapajani. Baba mdogo, akiwa amechoka, akamgeukia. "Dada, wewe ndiye uliyemkanda miguu. Alikuwa akisema nini?"

Ni kweli, yeye ndiye aliyemkanda miguu. Askari wa Force Publique walitembea bila viatu sehemu kubwa ya historia ya jeshi lile, na nyayo za Tate zilikuwa na mipasuko ambayo haikufunga mpaka kufa kwake. Kila usiku binti yake aliikanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, na mzee akitaja mahali alipopita.

Shangazi akafumba macho, akaanza kutaja polepole kama alivyosikia: "Shangugu. Nyanza. Kitega. Kigoma. Lulanguru. Tabora." Baba mdogo akatikisa kichwa, machozi yakimlenga. Lakini Shangazi hakuwa amemaliza. Akavuta pumzi. "Hapo alikuwa akinywa maji kwanza. Halafu: Stanleyville. Aba. Juba. Malakal. Gambela. Saio."

Yaya akapiga makofi mara moja, akasita. Wote tulikuwa tunafanya hesabu ile ile. Kadi ya ubatizo ya Tate, ambayo Mama anaitunza na kadi zetu zote, inasema alizaliwa karibu na 1918. Tabora ilitekwa 1916.

"Basi mtu mmoja alipitaje kote huko?" Baba mdogo aliuliza.

"Nani amesema ni mtu mmoja?" Shangazi akajibu. "Safari ya kwanza ni ya baba yake. Hamjaniuliza hata siku moja."

Baba yake Tate alikuwa mpagazi. Alichukuliwa hapa hapa ukingoni, akatwishwa sanduku la risasi, na akaenda nalo mpaka Tabora. Katika vita vile magari hayakuwa na njia na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo, kwa hiyo unga, dawa, risasi na vipande vya mizinga vilikwenda juu ya vichwa vya watu, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 25 au 30. Askari wa Tombeur walikuwa kama 11,000. Wapagazi walioandikishwa katika vita vyote vile walizidi 200,000, na wengi wao hawakurudi: kuhara, homa ya mapafu, baridi ya milima ya Rwanda na Burundi, njaa. Baba yake Tate alirudi. Alimfundisha mwanawe orodha ya vituo ili, akifa, mtu ajue mzigo ule uliishia wapi.

Mwanawe alipochukuliwa jeshini naye, kwa mkataba wa miaka 7 kama askari wote wa wakati ule, alikwenda na orodha ya baba yake kichwani na akarudi na yake. Usiku alianza na ya baba, kwa heshima. Kisha akanywa maji. Kisha akataja yake.

Shangazi akatueleza jambo ambalo lilimaliza ugomvi. Watoto walilala chini, kwenye mkeka mmoja, karibu na kitanda cha mzee. Baba mdogo alikuwa wa mwisho kuzaliwa na usingizi ulimchukua mapema. Kila usiku alisinzia Tabora. Marehemu baba yetu, mtoto wa kwanza, alikawia kufika mkekani, kwa kuwa ndiye aliyefunga mbuzi na kufunika moto. Alipoingia, mzee alikwisha kunywa maji, na akamkuta anaelekea Saio. Hivyo ndivyo mzee mmoja alivyoiachia nyumba moja vita viwili, na kila tawi la ukoo likaondoka na kimoja.

Fundi akagonga mwiko kwenye ndoo. "Jamani," akasema.

Niliandika kwa haraka na kwa nguvu, maana simenti ilikwisha kukaza na msumari ulikwaruza badala ya kuzama. Jina la Tate. Askari wa miguu, Saio, 1941. Chini yake: mwana wa, na jina la baba yake, ambalo wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza mchana ule. Mpagazi, Tabora, 1916. Yaya alitaka namba ya jeshi iongezwe. Baba mdogo akasema nafasi iliyobaki ni ya neno moja tu, na dada yake ndiye wa kulichagua. Shangazi hakufikiri hata kidogo. "Andika: walirudi." Nikaandika.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kwa nini jambo dogo vile lilikaribia kutupotea. Mchwa hawakufanya peke yao. Majina ya wakubwa yamepewa mahali pa kukaa. Tombeur alipewa cheo cha baroni na mji wenyewe ukaunganishwa na jina lake, akawa Tombeur de Tabora. Ushindi wa Saio ukapewa kambi Bukavu. Huko Brussels, katika mtaa wa Schaerbeek, sanamu ya ukumbusho wa vita vya Afrika ilisimamishwa 1970. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa vita vya pili vya dunia aliyefikia umri wa miaka 100, na nilifurahi kwa moyo wangu wote kuona mkongwe mmoja amefikiwa akiwa hai. Lakini askari wa daraja la pili na mpagazi wa 1916 hawana ofisi ya kuwatunza. Ofisi yao ni stoo ya maharage, ni mkeka wa watoto, ni shangazi aliyekaa kwenye kigoda. Nyumba ina kazi nyingi. Inapima chakula kwa gamela kabla ya kuuliza namba iliyo chini yake, na haina hatia kwa hilo, kwa sababu watu lazima wale.

Na tukikumbuka, tukumbuke yote. Vita vile viwili havikuwa vya kwetu. Vilianzishwa Ulaya, na vijana walitolewa na machifu kwa amri ya serikali ya kikoloni. Jeshi walilotumikia lilitawaliwa kwa fimbo ya ngozi ya kiboko, na lilitumwa pia kuwanyamazisha raia wa nchi hiyo hiyo. Mpaka uhuru wa 1960 hakukuwa na Mkongomani aliyepewa cheo cha ofisa ndani yake, na askari walipoambiwa Julai ya mwaka huo kwamba hakuna kitakachobadilika, waliasi. Haya Shangazi aliyajua bila kusoma kitabu. Ndiyo maana alikataza neno "shujaa", na ndiyo maana namheshimu zaidi kila nikipita pale kaburini. Hakukataa kumheshimu baba yake. Alikataa tumpe sifa inayofunika alichotendewa.

Kwetu Kalehe neno askari litabaki zito kwa muda mrefu. Sidhani kwamba kaburi moja litalipunguza uzito. Lakini watoto wetu, ambao wanawajua watu wenye bunduki kwa hofu tu, sasa wanajua pia kwamba katika damu yao kuna kijana aliyechukuliwa, akaenda bila viatu mpaka Ethiopia, akarudi, akalima muhogo, na hakumnyang'anya mtu kuku. Wanajua kwamba nyuma ya kila aliyeshika bunduki walikuwapo watu wengi zaidi waliobeba risasi, na kwamba historia iliwasahau hao kwanza. Haya wameyapata kwa mdomo wa mwanamke aliyezikanda zile nyayo.

Sasa orodha zote mbili zimeandikwa katika daftari la shule, na nakala zimegawanywa: moja Kalehe, moja Bukavu, moja kwa binti wa Baba mdogo aliye Goma, ili maji yakija au vita vikija zisipotee zote siku moja. Kila tarehe 3 Julai, popote tulipo, mtoto mmoja husoma ya mpagazi, mwingine husoma ya askari, na katikati wote hunywa maji. Baba mdogo ndiye anayewasikiliza, naye sasa anabaki macho mpaka mwisho.

Wewe unayesoma haya, uwe Bunyakiri, Minova, Kigoma au mbali zaidi, huenda nyumbani kwenu pia kuna mzee anayejua kwamba "babu alikwenda vita". Nenda ukamuulize wiki hii. Muulize alianzia wapi, alibeba nini, alirudi na nani, na nani alilima shamba alipokuwa hayupo. Akimaliza kusimulia, mpe maji anywe, kisha muulize swali tulilokuwa hatujauliza: safari hiyo ilikuwa ya watu wangapi?